Mama, Wamekubali Kwamba Ulikuwa Bariyerini

Mama,

Jina lako limesomwa katika bunge la jimbo, kule Kindu. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kwenye mabenchi ya wageni, kitenge changu bado kina vumbi la safari. Msomaji wa ripoti alilitamka vibaya, akasema Anastazi Fesa. Mwenyekiti wa kamati akamkatiza pale pale: "Feza. Anastazia Feza. Soma tena." Akasoma tena, polepole, na nyuma ya jina akasoma maneno haya: Alikuwepo kwenye kazi yake.

Maneno manne, Mama. Nilitaka kulia lakini nilijizuia, kwa sababu direktere, mkurugenzi wa ofisi ya barabara, alikuwa mstari wa mbele na sikupenda ageuke anikute na machozi.

Ni wiki kadhaa tangu nirudi nyumbani. Siku ile nilipokuwa mlangoni niliita "Mama!" kabla sijakumbuka. Mvua za msimu mzima zimepita tangu tukuzike, na bado naita. Basi nimeona nikae nikuandikie, maana habari hii nimeibeba toka Kindu, na ni mbele yako nilitaka kuutua mzigo.

Unakumbuka siku walipokuchagua? Kijiji chetu cha Kalembe kilikuwa kimepewa kontra, mkataba, na ile ofisi ya serikali. Komite yetu itunze kipande chetu cha barabara ya Kasongo hadi Kabambare: tuzibue mifereji, tufyeke, tuzibe mashimo kwa beleshi, na mvua ikinyesha tuyafungie malori bariyeri, mnyororo wa kukata njia, mpaka yapite masaa manne tangu mvua ikatike, ili magurudumu yasiichimbe barabara iliyolowa. Wanaume waligombania uprezida wa komite. Bariyeri hakuna aliyeitaka, kwani mtu wa bariyeri kazi yake ni kutukanwa. Ndipo Baba Kitenge, prezida mpya, akasema, "Tumupe Mama Feza. Yule hata Padri hawezi kumugeuza." Watu wakacheka. Wewe ukasimama ukajifunga kitenge vizuri, ukawaambia, "Nimekubali. Mucheke leo. Siku mutakuja na lori, hamutacheka."

Na Padri mwenyewe alikuwa wa kwanza kuonja. Alikuja na saruji ya kanisa, mvua imekatika saa ile ile. Ulimpa kiti, ukampa karanga, ukamwambia, "Padri, barabara ikilowa iko mugonjwa. Mugonjwa hatembezwi." Alikaa masaa yake manne. Jumapili akatutania kanisani kwamba Mama Feza ni mkali kuliko Petro wa mlango wa mbinguni.

Mimi nilikuwa nakuletea chakula nikitoka shule, wali na sombe ya majani ya muhogo, sahani imefunikwa kwa nyingine. Hukuwahi kula ukiipa barabara mgongo. Ulikuwa unavua sandali, unaingia katikati ya njia, unakanyaga kwa kisigino na kutulia, kama mtu anayesikiliza. Kisigino kikizama, bado. Nikakuuliza siku moja, Mama, si una saa mkononi? Ukanijibu, "Saa inajua wakati, Furaha. Haijui udongo." Niliwafundisha watoto wa darasa la nne maneno hayo. Nikawaambia ni methali. Hawajui kwamba methali hiyo ilizaliwa Kalembe na mama wa mwalimu wao.

Kisha ikaja kampuni.

Mengine ya hapo sikuyajua mpaka nilipoyachimbua mwenyewe baadaye, kwa sababu wewe ulikuwa unameza mambo. Ofisi ya barabara ilikuwa imesaini kontra mpya na kampuni moja ya kutengeneza barabara yote, na katika kontra hiyo kipande chetu pia kilikuwamo, ilhali kontra yetu ilikuwa haijaisha. Kipande kimoja, mikono miwili. Kampuni ikaanza kupitisha malori mazito kwenda na kurudi upande wa Salamabila, yamebeba vyuma vya machimbo ya dhahabu, mambo ambayo hayakuhusu barabara hata kidogo. Wewe ukawafungia kama ulivyomfungia Padri. Wakaenda kulalamika. Ofisi ikamtuma ajenti wake na pikipiki kukuambia kwamba malori ya kampuni hayana bariyeri.

Ulimjibu, "Hiyo amri iko wapi?"

Akasema ni amri ya mdomo, imetoka kwa mukubwa.

"Ya mdomo inarudia mdomoni. Mukubwa aniandikie, nitafungua."

Hawakuandika. Nilikuuliza jioni ile kama huogopi, ukaniambia niongeze chumvi kwenye mboga.

Siku daraja letu lilipovunjika mimi nilikuwa darasani. Mvua ilianza alfajiri ikawa haina nia ya kuondoka, bati za shule zinapiga kelele mpaka nikaacha kufundisha, watoto wakawa wanachora tu. Hakuna mtu aliyekuwa nje Kalembe yote, isipokuwa wewe. Karibu na saa sita tukasikia mlio, si wa radi. Tulipofika kwenye kijito cha Kamimbi, daraja lilikuwa limevunjika katikati, lori la kampuni limelala ubavu ndani ya maji, dereva ametoka salama amekaa kwenye majani. Na wewe ulikuwa umesimama ukingoni, umelowa mpaka mifupa, umeshika mnyororo wa bariyeri mkononi. Mnyororo ulikuwa umekatwa kwa msumeno wa chuma. Ulinitazama ukasema, "Nimewaambia. Nimewaambia, Furaha." Sikuwahi kuona uso wako vile.

Wiki mbili baadaye barua ya ofisi ikafika. Safari hiyo waliweza kuandika. Ilisema kwamba siku ya ajali bariyeri ya Kalembe ilikutwa wazi, haina mtu. Kwamba komite imeacha kazi. Kwamba kontra yetu imevunjwa kwa kosa letu. Baba Kitenge aliisoma mbele ya watu, sauti ikawa inamshinda. Wewe ulisimama nyuma.

Ulikwenda Kasongo mara tatu kwenye ofisi ile. Najua walikukalisha kwenye benchi la korido mpaka wafunge. Najua mara ya tatu ajenti yule yule wa pikipiki alipita mbele yako akakusalimia kama hakujui. Hayo hukuniambia, aliniambia mlinzi wao, nilipokwenda baada ya msiba.

Lakini kilichokuumiza hakikuwa benchi. Kilikuwa soko. Daraja likiwa chini, mchele wetu haukuweza kufika Kasongo kwa lori, na wale wenye samaki wa Nyangwe waliacha kuja. Mama Zubeda, uliyekuwa unauza naye mawese tangu mimi ni mtoto, aliiamini ile barua, akasema mbele ya wanawake wote, "Angekaa pa kazi yake, tungekuwa na daraja." Ulirudi siku hiyo ukaketi jikoni na kapu kichwani. Ulisahau kulitua.

Ugonjwa ulikushika miezi michache baadaye, ghafla, upande mmoja wa mwili. Tulikubeba usiku kwa kipoyi, machela ya miti, vijana wanne, mimi nimeshika mkono wako uliokuwa bado na nguvu. Pikipiki isingeweza kuvuka Kamimbi, kwa hiyo ilitusubiri ng'ambo. Vijana waliingia majini wamekuinua juu ya mabega, na wewe, ulimi umekuwa mzito, ukawa unawaelekeza: "Mawe ya kushoto... yanateleza. Shikeni... kulia." Mmoja akacheka huku analia. Ulikaa siku tatu hospitali Kasongo. Siku ya tatu ulinibana kidole, halafu hukunibana tena.

Samahani. Nimesimama kidogo nikanywa maji.

Baada ya kuondoa matanga nilikaa na ile barua ya ofisi mbele yangu. Nilikuwa naweza kuvumilia kwamba umekufa, Mama. Watu wanakufa. Sikuweza kuvumilia kwamba umekufa umeandikwa hukuwepo. Kila mwalimu anajua daftari la mahudhurio: ukiandikwa hupo, hupo, hata kama ulikaa benchi la mbele siku nzima. Nikachukua kalamu nikaandika kwa wabunge wa jimbo, wale wenye kazi ya kuzikagua ofisi za serikali. Nikaeleza kontra mbili juu ya kipande kimoja, amri ya mdomo, mnyororo. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuomba sahihi. Waliotia kidole gumba walikuwa wengi kuliko waliotia jina. Baba Kitenge alisita. "Mwalimu," akaniambia, "wale watu wako na wanasheria. Sisi tuko na jembe." Nikamwambia asaini na jembe lake. Akasaini.

Hakuna jibu lililokuja. Nikaandika ya pili, nikaipeleka mwenyewe Kindu wakati wa likizo ya Pasaka, nikaitoa mkononi, nikadai waigonge mhuri mbele yangu. Ulinifundisha wewe kutoamini mdomo.

Kamati ya ukaguzi ilikuja kiangazi kilipoanza. Mwenyekiti wake ni mwanamke, mbunge, mtu mzima kidogo kunizidi. Jeep yao ilikwama Kamimbi, na dereva akapendekeza warudi waandike kwamba wameona. Mwenyekiti akavua viatu, akavuka kwa miguu na sketi imeshikwa mkononi, akaja mpaka Kalembe. Akataka aonyeshwe ulipokuwa unakaa. Nilimwonyesha. Alikaa pale kwenye jiwe lako akatazama barabara pande zote mbili, kisha akasema kikao kitakuwa Kasongo, ukumbi wa parokia, na kwamba nilete kila nilicho nacho.

Nilichokuwa nacho ni mnyororo. Walioona, kwa yale machache uliyonieleza, walikuwa ajenti, mabwana wawili wa kampuni, na dereva. Kwa hiyo nilikwenda kumtafuta dereva.

Ulikuwa unasema Salamabila ni mahali ambapo mtu anaweza kupotea akiwa amesimama. Ni kweli. Siku mbili za pikipiki, halafu siku nzima ya kuuliza kati ya maduka ya wanunuzi wa dhahabu na vibanda vya nyama ya mbuzi. Anaitwa Sadiki, ametoka upande wa Uvira. Nilimkuta chini ya lori lingine la kampuni ile ile, anafunga bolti. Nilipojitambulisha spana ilisimama, naona viatu vyake tu. Akatoka, akafuta mikono.

"Mwalimu," akasema, "mama yako namukumbuka kila mvua. Lakini niko na watoto wane, na chakula yao inatoka mu hii kampuni. Usiniombe."

Sikumwomba. Nilimwambia siku na mahali pa kikao, nikamwacha. Njiani nilimlaani, kisha nikawaza watoto wanne, nikaacha kumlaani.

Asubuhi ya kikao Baba Kitenge alinivuta pembeni mlangoni mwa ukumbi. "Watakuuliza kifo. Sema daraja ndilo lilimuua. Ukisema hivyo imekwisha, hakuna direktere atapona." Alisema kwa nia njema, alikuwa na machozi. Na mimi, Mama, nilitamani. Usiku ule wa kipoyi nimeuwaza mara nyingi sana, nikipima: laiti daraja lingekuwepo, laiti tungefika masaa mawili mapema.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Direktere alikuja na mafaili matatu na mwanasheria, wakasema kwa Kifaransa, vizuri, taratibu. Walisoma ile ripoti: bariyeri wazi, hakuna mtu. Mtu wa kampuni naye akasimama akasema kampuni inaidai ofisi iwajibike, kwa sababu ilipewa barabara yenye daraja bovu. Direktere akajibu kwamba kampuni ndiyo iliyopitisha uzito usioruhusiwa. Wakaanza kutupiana daraja letu kama mpira, na katika yote hayo jambo moja tu walikubaliana, kwamba wewe hukuwepo. Nilielewa hapo. Wao walikuwa na ugomvi wao, na walihitaji mtu ambaye hawezi kujibu.

Ilipofika zamu yangu nilianza kwa Kifaransa changu cha shule, nikapotea katika sentensi ya pili. Mwenyekiti akasema, "Sema Kiswahili, Mwalimu. Hapa wote tumenyonya Kiswahili." Basi nikasema. Nikaeleza kama nilivyokueleza hapa. Nikauweka mnyororo mezani mbele ya wabunge, nikauliza, "Kama bariyeri ilikuwa wazi, ni nani aliyehitaji kuukata huu?"

Watu wakapiga makofi. Direktere akangoja yaishe. Akasema, kwa Kiswahili safari hiyo, mnyororo unaweza kukatwa na mtu yeyote, siku yoyote, hata na mwenye mnyororo. Na akili yangu ikaona kwamba ni kweli. 

Kisha mbunge mmoja, mwanamume mnene mwenye huruma usoni, akaniuliza lile nililoliogopa. "Mwalimu, je, daraja hili ndilo lililomuua mama yako?"

Ukumbi wote ulikuwa unanisukuma kwa macho. Baba Kitenge alikuwa ananiashiria kwa kichwa, sema ndiyo, sema ndiyo.

Nikasema, "Sijui, muheshimiwa. Daktari alisema ni damu iliyopasuka kichwani. Alisema pengine tungefika mapema angepona, na pengine asingepona. Mimi sikuja kusema nisilolijua. Nimekuja kusema ninachokijua, kwamba siku ile mama yangu alikuwa bariyerini na nguo zake ziliniachia maji mikononi nilipozivua."

 Niliketi nikifikiri nimeiharibu kesi yako kwa mkono wangu. Niliinamisha kichwa, sikuona aliyesimama. Nilisikia tu benchi la nyuma linakwaruza sakafu.

"Niko na neno."

Alikuwa Sadiki. Ameshika kofia yake mbele ya tumbo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtu wa kampuni alimgeukia akamwita jina lake kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwita mbwa wake. Sadiki hakumtazama.

Alisema hakutaka kuja. Alifika tangu asubuhi akasimama dirishani, tayari kuondoka. "Lakini huyu Mwalimu wamemuuliza kitu chenye kingemusaidia," akasema, "na amekataa kudanganya. Basi mimi nitatoka hapa na uso gani?" Akawaeleza wabunge. Kwamba ulisimama mbele ya lori lake katikati ya mvua, mikono umeinyosha. Kwamba hukumtukana. Ulimwambia, "Mwanangu, hii daraja haitakubeba. Ngojea na mimi, nitakupa karanga." Kwamba ajenti wa ofisi alishuka kwenye jeep, akatoa msumeno chini ya kiti, akakata mnyororo mwenyewe, na bwana wa kampuni akakushika mkono akakuvuta kando. "Nilikuwa na mguu juu ya breki," Sadiki akasema. "Wakapiga bodi ya lori, wakasema twende. Nikaondoa mguu. Hiyo iko ya kwangu, nitaibeba. Lakini yule mama alikuwa pale. Wallahi alikuwa pale."

Mwenyekiti akamwita ajenti. Alikuwa ukumbini. Akaulizwa swali moja: nani alikata? Akamtazama direktere, direktere akatazama mafaili. Akasema, "Nilitumwa."

Mama, sikushangilia. Nilifikiria tu kwamba mtu alikushika mkono akakuvuta, na wewe hukuniambia.

Mengine yalikwenda taratibu, kama mambo ya bunge yanavyokwenda. Kamati ikaandika, direktere akaitwa Kindu kujibu maswali mbele ya wabunge wote, akajibu siku nzima. Mvua zilipokaribia kuanza ndipo ripoti ikasomwa na kupigiwa kura. Ofisi imetakiwa kuiondoa ile barua na kukiri kwa maandishi kwamba bariyeri ilikuwa na mtu na ilivunjwa. Kontra yetu imerudi. Kontra ya kampuni imesimamishwa, na kampuni imekwenda mahakamani kuishitaki ofisi, na ofisi nayo inaishitaki kampuni. Wataendelea kung'ang'ania nani ajenge daraja la kudumu. Kwa hiyo usidhani tumeshinda yote. Ila wabunge wameipa ofisi muda wa kuweka daraja la mbao wakati kesi inaendelea, na watarudi kukagua.

Sadiki alifukuzwa kazi wiki ile ile ya kikao. Sasa anaendesha pikipiki ya mtu Kasongo, na mke wake amehamia Kalembe na watoto. Nimewapokea wawili shuleni kwetu. Mmoja ni mtundu, ungempenda.

Mama Zubeda alikuja nyumbani siku ya pili baada ya kikao. Alisimama uani na kapu la mchele. Akasema, "Nimemusema vibaya na hawezi kunisikia tena." Nikamwambia twende. Tulikwenda kaburini, akapiga magoti akang'oa majani kwa mikono, yote, mpaka pembeni, anaongea na wewe kwa lugha yenu ya Kizimba muda wote. Sikusikiliza. Hayo yalikuwa yenu.

Na bariyeri nimeichukua mimi, baada ya shule na siku za likizo; asubuhi anakaa Baba Kitenge. Mvua ya kwanza nzito, unadhani ni nani alikuja? Lori la ofisi ya barabara, limetoka upande wa Kabambare, limebeba mbao za daraja, na direktere mwenyewe kwenye jeep nyuma yake, anataka kuonekana anafanya haraka kabla wabunge hawajarudi. Kijiji kizima kilitoka kwa furaha. Wakanipigia kelele, "Fungua, Mwalimu! Ni daraja letu!" Hata Baba Kitenge alisema nifungue, mara moja hii tu. Nikavua sandali, nikaingia katikati ya njia, nikakanyaga kwa kisigino. Kikazama.

Direktere alishusha kioo. "Hata kwa mbao zenu wenyewe?"

"Zaidi kwa hizo, Direktere. Zikifika na barabara imekufa, zitatuvusha kwenda wapi?"

Alinitazama. Nikadhani ataita mtu. Akazima injini ya jeep, akashuka, akaomba kiti. Nilimpa. Karanga sikumpa, Mama, unisamehe. Moyo wangu haujafika hapo.

Sasa kuna jambo jipya. Komite za barabara upande wa Kabambare zimesikia. Wametuma watu wawili kutoka Lusangi, wanaume wazima, wamekaa sebuleni kwetu na kofia magotini. Nao wamevunjiwa kontra, nao wana barua inayosema waliacha kazi, na kwao kuna mtu wa bariyeri aliyefungwa siku kadhaa kwa kukataa kufungua. Wanataka niwasaidie kuandika kwa wabunge. Baba Kitenge anasema nimeshapata haki yangu, nitulie, nina darasa na nina umri wa kuolewa. Nimemjibu kuhusu darasa tu.

Nitakwenda, Mama. Shule ikifungwa nitapanda pikipiki mpaka Lusangi, nikae nao komite kwa komite. Nitawauliza kama nilivyoulizwa, kwa ukali, nani aliona, amri iliandikwa au ilisemwa, una nini mkononi. Asiyejua aseme hajui. Nitaandika kwa Kiswahili, nitagonga mihuri, na wabunge wakichelewa nitakwenda kukaa kwenye mabenchi yao mpaka wanione. Sitaongeza neno juu ya lililotokea, na sitaruhusu mtu apunguze.

Lala, mama yangu. Pumzisha miguu yako. Umenilea kwa wali na sombe na kwa kukataa kwako, na yote yamenitosha. Kesho asubuhi wale watu wa Lusangi wanarudi kwao, nami nimewaahidi barua ya kwanza waende nayo. Naiacha hii sasa, nikaianze ile.

Mwanao,
Furaha